Je, wajua kwa nini Waskandinavia wa kale, watu wa Denmark, Norwe na Uswidi, walipunguza herufi zao huku sauti za lugha yao zikiongezeka?

Huko Jelling, mji mdogo katika rasi ya Jutland nchini Denmark, kuna jiwe lililochongwa maandishi katikati ya karne ya 10. Yameandikwa kwa runi, herufi zao za kale. Ukiyahamishia katika herufi zetu, runi moja baada ya nyingine, unapata hivi: kurmR kunukR karthi kubl thusi aft thurui kunu sina tanmarkaR but. Yaani: Mfalme Gorm aliweka kumbukumbu hii kwa ajili ya Thyra, mkewe, pambo la Denmark. (Hilo neno la mwisho, but, wengine hulifasiri kuwa tiba au nguzo badala ya pambo.)

Litazame jina la mfalme. Aliitwa Gormr, mchongaji kaandika kurmR. Nchi yake ni Danmark, kaandika tanmark. Mfalme kwa lugha yao ni konungr, kaandika kunukR. G imeandikwa k, d imeandikwa t, o imeandikwa u, na ng nayo imeandikwa k. Hiyo R kubwa ya mwishoni ni namna ya wataalamu kuonyesha runi ya pekee, yenye sauti iliyotokana na z ya zamani na kusogea kuelekea r. Th ni ileile ya kwetu katika thelathini.

Mtu angedhani hawakuwa na herufi za g, d, o na ng. Walikuwa nazo! Miaka 500 kabla ya Gorm, watu walewale wa Skandinavia walikuwa na runi 24, na hizo nne zote zilikuwemo. Kufikia wakati wa Gorm zimebaki 16. Na katika karne hizohizo irabu za lugha yao zilipanda kutoka 5 hadi 9. Sauti zinaongezeka, herufi zinapungua. Kwa nini?

Nilipokutana na jambo hili mara ya kwanza nilijijibu upesi: ujuzi ulipotea. Niliwaza kwamba palikuwa na enzi ya waandishi hodari, ikafuata enzi ya vita na uporaji, watu wakasahau nusu ya herufi zao. Nilikaa na jibu hilo muda mrefu, nikamweleza na mwenzangu akaridhika. Halikuwa sahihi, na kwa kuwa bado nalisikia kwa watu wengine, nitalikalia kidogo.

Kwanza mambo ya msingi, kwa ufupi. Runi ni herufi za watu waliosema lugha za Kigermaniki, mababu wa Kijerumani, Kiingereza, Kiholanzi, Kidenmark, Kiswidi na Kinorwe. Zilitokana na alfabeti mojawapo ya nchi za Bahari ya Mediterania. Ipi hasa, ubishi haujaisha. Kitana cha Vimose kilichofukuliwa katika kinamasi cha kisiwa cha Fyn, Denmark, kina neno moja tu, harja, nacho ni cha mwaka 160 hivi. Jiwe la Svingerud la Norwe, lililotangazwa Januari 2023, huenda ni la zamani zaidi, ingawa tarehe yake ina upana wa karne kadhaa. Orodha kamili ya runi 24 kwa mpangilio wake imo katika jiwe la Kylver, kisiwani Gotland, la takriban mwaka 400. Runi sita za mwanzo husomeka f, u, th, a, r, k, ndiyo maana mfumo mzima huitwa futharki, kama tunavyosema abichadi kwa herufi za kwetu.

Sasa turudi kwenye hoja ya ujuzi uliopotea. Ingekuwa kweli, baada ya herufi kupungua tungetarajia maandishi yapungue. Ni kinyume kabisa. Zama za runi 24, ambazo zilidumu karne zaidi ya tano, zimetuachia maandishi mamia machache, mengi yakiwa neno moja au jina tu. Zama za runi 16 zimetuachia maelfu. Mawe ya Uswidi peke yake yanazidi 2,000. Jiwe la Rök la Uswidi, la karne ya 9, lina runi zipatazo 760 na ndani yake mna shairi na mafumbo ambayo wataalamu wanayafumbua hadi leo. Mchongaji wa Rök hakuwa mtu aliyesahau kuandika.

Tena mabadiliko hayakwenda ovyo ovyo. Ujuzi unapopotea hupotea kwa vipande: hapa wamesahau hii, kule wamesahau ile. Hapa sivyo. Toka Denmark hadi Norwe, runi zilizoachwa ni zilezile nane: g, w, p, e, d, o, ng na moja ya irabu ambayo hata mwanzoni ilikuwa haitumiki sana. Zilizobaki zikabaki kwa mpangilio uleule wa zamani, isipokuwa ile R, iliyohamia mwisho. Katika mji wa Ribe, Denmark, mwaka 1973 kilipatikana kipande cha fuvu la kichwa cha mtu kilichochongwa runi mnamo mwaka 725, kikimtaja Odin, mungu wao mkuu. Maumbo ya runi zake mbili ni ya kizamani, lakini mfumo tayari ni ule mpya.

Na kuna ushahidi unaonigusa kuliko wote. Ng'ambo ya bahari, Waanglo-Saksoni wa Uingereza walikuwa na runi zilezile 24 na lugha yao nayo ilikuwa inaongeza irabu. Wao waliongeza herufi. Kisu kirefu kilichookotwa katika mto Thames mwaka 1857, ambacho sasa kiko British Museum, kimeandikwa orodha nzima ya runi 28. Ndugu wawili wamerithi kitu kimoja, wakapata tatizo moja, mmoja kaongeza na mwingine kapunguza. Kwa hiyo kupunguza hakukuwa ajali iliyowakumba wote. Ilikuwa njia mojawapo.

Kosa langu lilikuwa na mzizi wa ndani zaidi: niliamini kwamba kila sauti ya lugha inadai herufi yake. Ajabu ni kwamba mimi nilikuwa naandika Kiswahili kila siku, na Kiswahili kinakanusha imani hiyo.

Weka kiganja mbele ya midomo yako. Kama umekulia Mombasa, au una mzee wa Mji wa Kale wa kumwomba, tamka paa, mnyama wa porini, kisha paa, la nyumba. Katika la kwanza pumzi inagonga kiganja. Katika la pili haigongi. Hivyo hivyo kaa wa baharini na kaa la moto. Ni sauti mbili tofauti, na kwa msemaji wa Kimvita zinatenganisha maneno. Sisi tunaandika p moja na k moja, na hakuna aliyewahi kula kaa la moto kwa kukosea kusoma. Kadhalika tunaandika barabara bila alama yoyote, msomaji mwenyewe anajua kama ni njia ya magari au ni neno la kusifu kazi iliyofanywa sawasawa. Na waliosoma tenzi za pwani katika hati za Kiarabu wanajua kwamba herufi be ilibeba b, p na mb, na msomaji aliyeijua lugha alikwenda nayo bila kukwama.

Hiyo pumzi ya paa ina siri nyingine. Imetoka wapi? Paa mnyama yumo katika ngeli ambayo maneno yake yalianza na sauti ya puani, ile tunayoisikia bado katika mbuzi, ndege na ng'ombe. Mbele ya p na k sauti hiyo ilitoweka, lakini kabla ya kutoweka iliacha pumzi. Paa la nyumba halimo katika ngeli hiyo, ndiyo maana halina pumzi. Sauti imekufa, alama yake ingali hai. Ukilishika hili umeshaelewa nusu ya historia ya irabu za Skandinavia.

Nusu ya pili tunayo pia. Anayependa ni mpenzi. Anayelinda ni mlinzi, anayetunga ni mtunzi, anayepika ni mpishi, anayefuata ni mfuasi. Hakuna asemaye mpendi wala mpiki wala mfuati. Kiishio i cha zamani kiliuinua ulimi mapema, hata kabla hakijatamkwa, na ile konsonanti iliyokitangulia ikapinda kukifuata: d ikawa z, k ikawa sh, t ikawa s. Mwenye kuja nyuma anambadilisha aliye mbele.

Waskandinavia nao walipata i ya namna hiyo, ila yao iliruka konsonanti na kuipinda irabu ya silabi iliyotangulia. Tuna bahati ya kuwa na neno lenyewe kabla ya kupindwa. Karibu na Gallehus, kusini mwa Jutland, zilifukuliwa pembe mbili za dhahabu, moja mwaka 1639 na nyingine mwaka 1734. Ya pili ilikuwa na maandishi ya mwanzoni mwa karne ya 5: ek hlewagastiz holtijaz horna tawido. Mimi Hlewagastiz, wa Holt, niliitengeneza pembe. Pembe zenyewe ziliibwa mwaka 1802 na sonara aitwaye Niels Heidenreich, akaziyeyusha. Tunasoma kutoka michoro iliyofanywa mapema. Inaniuma kila ninapolikumbuka, lakini michoro ilikuwa mizuri na maneno yamesalimika.

Ndani ya jina Hlewagastiz mna gastiz, mgeni. Sikiliza a, kisha i nyuma yake. Karne kadhaa baadaye neno hilo ni gestr. Ile i iliivuta a hadi ikawa e, kisha i yenyewe ikadondoka. Panya mmoja ni mús, panya wengi zamani ilikuwa mūsiz. I ikaivuta u mpaka ikawa sauti mpya, midomo imeviringwa kama ya u huku ulimi umekaa mahali pa i. Waliandika baadaye mýss. Ni kisa hichohicho kinachomsumbua mwanafunzi wetu wa Kiingereza anapoambiwa kwamba wingi wa foot ni feet na wingi wa mouse ni mice.

Angalia kinachotokea kwa mwandishi. Siku ambazo i ilikuwa bado inatamkwa, irabu iliyopindwa haikuhitaji herufi yake. Ukiona u na nyuma yake i, unajua namna ya kuitamka. I ilipodondoka, tofauti yote ikabaki juu ya ile irabu. Hapo ndipo idadi ilipopanda. Katika karne ya 12 huko Iceland, mwandishi ambaye jina lake halikuhifadhiwa alihesabu irabu za lugha yake akapata 9, akizithibitisha kwa jozi za maneno yanayotofautiana kwa irabu tu, kama tulivyofanya na paa. Alisema kila moja huweza kuwa fupi au ndefu, na kupita puani au kutopita puani: jumla 36. Runi 16 zina irabu nne tu.

Basi kwa nini hawakuongeza kama Waingereza? Maelezo yanayonivutia zaidi yanahusu majina ya runi.

Mtoto wa chuoni pwani hajifunzi sauti tupu, hujifunza jina: alifu, bee, tee. Jina linaanza na sauti ya herufi, na ndilo linaloishikilia sauti hiyo kichwani. Runi nazo zilikuwa na majina, na majina yake yalikuwa maneno ya kawaida: ng'ombe dume, mvua ya mawe, siku, mwaka. Sasa chukulia kwamba sisi tungeiita herufi j kwa jina la jua. Mwalimu wa Unguja anasema, "Hii ni jua," na mtoto anaandika j. Lakini Lamu jua ni yuwa. Mwalimu wa Lamu anachora alama ileile, anasema, "Hii ni yuwa." Mtoto wake ataitumia kwa sauti gani? Kwa y, bila ya yeyote kuamua kubadilisha chochote. Alama haikuguswa. Lugha ilihama chini yake.

Hilo ndilo lililoipata runi ya j. Jina lake lilikuwa jēra, mwaka au mavuno, ndugu wa Jahr ya Kijerumani. Irabu ikageuka, likawa jāra. Kisha katika Skandinavia j ya mwanzo wa maneno ikadondoka, na jina likawa ár. Runi ya j sasa jina lake linaanza na a, basi ikawa runi ya a. Tunaliona likitokea katika mawe ya Blekinge, kusini mwa Uswidi, yanayodhaniwa kuwa ya karne ya 7: katika jiwe la Istaby alama iliyokuwa j tayari inasomwa a. Na ile a ya zamani? Jina lake lilikuwa ansuz, mungu. N yake ikazama ndani ya irabu na kuacha mvumo wa puani, na runi hiyo ikabaki kwa a ya puani peke yake. Runi ya e iliitwa kwa neno la farasi, ehwaz, ambalo baadaye lilikuwa jór. Ukimwambia mwanafunzi kwamba jór ni herufi ya e, hatakuelewa. Runi ya w iliitwa kwa neno la furaha, wunjō. Lakini w mbele ya u ilidondoka, jina likaanza na irabu kama ile ambayo tayari ina runi yake. Herufi iliyopoteza sauti ya jina lake haina kitu cha kuishikilia.

Naupenda ufafanuzi huu, lakini hautoshi. Runi ya g iliitwa zawadi na ya d iliitwa siku, na maneno hayo mawili hayakupoteza sauti zake za mwanzo. Gjǫf na dagr zinaanza na g na d mpaka leo. Majina yasingeziua. Hapo wataalamu wengine huona mpango: jozi za sauti zinazofanana, k na g, t na d, b na p, zilipewa runi moja moja. Wengine hutazama kazi ya mkono. Runi za mfumo mpya karibu zote zina mstari mmoja tu wa kusimama, na vitawi vyake. Ile e ya zamani ilifanana na M yetu, d ilikuwa na mistari miwili iliyounganishwa kwa msalaba, na o haikuwa na mstari wa kusimama hata mmoja. Zilizoacha kutumika kwa sehemu kubwa ndizo zilizokuwa ngumu kuchonga, ingawa si zote. Pengine sababu zote tatu zilisukumana.

Na ushahidi wa majina yenyewe una udhaifu. Majina tunayoyajua yamo katika vitabu vilivyoandikwa kuanzia karne ya 8 na ya 9, mapunguzo yakiwa yameshapita. Maumbo kama jēra na ansuz yamejengwa upya kwa kulinganisha lugha. Ni ujenzi imara, kwa sababu mara nyingine hupata shahidi wa nje. Wataalamu walijenga kuningaz kuwa umbo la kale la neno mfalme, ambalo Jelling limeandikwa kunukR; Wafini, ambao lugha yao si ya ukoo huo, waliliazima zamani sana na mpaka leo mfalme kwao ni kuningas. Hata hivyo mawe ya miaka ya mabadiliko, kati ya 600 na 750, ni machache mno, na moja la Blekinge, la Gummarp, liliteketea katika moto wa Copenhagen mwaka 1728.

Mfumo wa runi 16 ulikuja kuongezewa msaada mwishoni mwa karne ya 10, na msaada wenyewe ulikuwa nukta. Nukta juu ya k ikaifanya g, juu ya i ikaifanya e, juu ya u ikaifanya ile y ya mýss. Anayejua tofauti ya be, te na the atatambua mara moja hekima hiyo, na ndiyo iliyotumika pwani kuipatia p yetu nukta tatu.

Lakini nukta haikuwa lazima. Huko Bergen, Norwe, moto wa mwaka 1955 uliteketeza sehemu ya gati la zamani la Bryggen, na waliochimba baada yake walipata mamia ya maandishi ya runi ya zama za kati, mengi juu ya vijiti: majina ya wenye mizigo, mapenzi, sala, biashara. Kijiti kimoja kimeandikwa kya sæhir at thu kak hæim. Gyda anasema uende nyumbani. Gyda ameandikwa kwa k, na gakk, nenda, imeandikwa kak, wakati nukta za kuzifanya g zilikuwa zinajulikana. Upande wa pili kuna runi nyingine zilizochongwa, na hizo hadi sasa hakuna aliyezisoma kwa uhakika.